Nyembe Tatu za Klaudia

Siku hizo Klaudia alifika shuleni akiwa amekwisha kuchoka. Mama yake, Ephrasia, alikuwa amelala na homa, kwa hiyo kuchota maji, kumenya ndizi na kupalilia kibanja, shamba lao la migomba, zilikuwa kazi zake. Jioni ilimngojea kazi nyingine. Ilikuwa miaka ya ujamaa na elimu ya kujitegemea, na wanafunzi wa sekondari yao pale Nyanga walibeba samadi kichwani hadi kwenye shamba la kahawa la shule. Samadi mbichi ni nzito, jamani!

Siku moja Mwalimu Mkuu alitangaza kwamba wageni wa wilaya watakuja Ijumaa. Darasa litakalowaonyesha jambo bora litapumzishwa kubeba samadi wiki nzima. Klaudia aliposikia neno "litapumzishwa", machozi yalimlengalenga.

Mwalimu Kaijage, aliyefundisha fizikia, aliwapa vipande vya vioo. Walivifukiza kwa moshi wa koroboi mpaka vikawa vyeusi. Kisha walifunga nyembe mbili pamoja na kukwaruza masizi, wakapata nyufa mbili nyembamba. Walipochungulia kupitia nyufa hizo taa ya karabai iliyofichwa nyuma ya bati lenye upenyo, waliona mistari ya mwanga na giza, ikipokezana.

Ndipo Klaudia alipofunga nyembe tatu na kukwaruza kioo kingine. Alichungulia, akapiga kelele. "Mawe, mama wee! Kuna mstari mpya! Mwembamba, katikati ya giza!"

Datius, jirani yake wa dawati, alimnyang'anya kioo. "Kweli upo! Wawili hawakuuleta, wameuleta watatu. Umoja ni nguvu!"

Darasa zima lilishangilia. Nani angebishana na hilo mbele ya wageni wa wilaya? Hata Mwalimu Mkuu alikuja kuona, akatoka akitabasamu. Mwalimu Kaijage peke yake hakushangilia. Aliuliza tu, "Mmejaribu kila jozi?"

"Tumejaribu, Mwalimu," alijibu Datius haraka.

Wengine walipokwenda zizini kuchukua samadi, Klaudia aliachwa afute vioo. Swali la mwalimu lilimkera. Walikuwa wamejaribu ufa wa kwanza na wa pili, wa pili na wa tatu. Je, wa kwanza na wa tatu? Aliuvuta nyuma wembe wa kati usiguse kioo, akakwaruza, akachungulia.

Ule mstari mpya ulikuwepo palepale, tena uling'aa zaidi.

Aliketi sakafuni. Kumbe uliletwa na wawili wa pembeni, na yule wa kati alikuwa akiufifisha tu! Akinyamaza, hakuna atakayejua. Atapumzika wiki nzima, na mama atauguzwa vizuri. Aliwaza hivyo kwa muda mrefu, miguu ikimuuma. Mwishowe alikibeba kile kioo, akaenda nacho ofisini kwa Mwalimu Kaijage.

"Mwalimu, waitu, niwie radhi, tulikosea," alisema, na hapo akalia.

Asubuhi Mwalimu Kaijage aliliambia darasa ukweli huo. Watu walinuna. Datius alisema kwa sauti, "Kiherehere chake kimetuponza."

"Sikilizeni kwanza," alisema mwalimu. "Pale mawimbi yanapokubaliana, tunayajumlisha, halafu tunazidisha jumla kwa yenyewe ili tupate mwanga. Ufa mmoja una wimbi la moja: mwanga moja. Nyufa mbili zina wimbi la mbili. Mwanga?"

"Nne."

"Mbili ni za nyufa zenyewe, moja kwa kila ufa; mbili zimeletwa na kukutana. Na nyufa tatu?"

"Tisa."

"Toeni tatu za nyufa zenyewe, moja kwa kila ufa. Toeni jozi tatu, kila jozi mbili. Klaudia, zimebaki ngapi?"

"Hakuna kilichobaki, Mwalimu."

"Huo ndio mpaka wa mwanga: hakuna kinacholetwa na watatu kwa pamoja. Watatu wakisalimiana, mikono hushikana miwili miwili. Nuru huja kwa chembe, na hata chembe zikipita mojamoja, mistari hiyo hujichora, na mpaka ni huohuo. Haubadiliki kwa kuwa tunapenda usemi fulani."

Ijumaa Klaudia aliwaeleza wageni vioo vyote, pamoja na lile kosa. Darasa jingine, lililoonyesha kuku wa kisasa, ndilo lililopumzishwa.

Jioni, Klaudia alipoinama kuchukua karai lake la samadi, alipepesuka. Mwalimu Kaijage alimshika mkono na kumwuliza kisa. Ndipo habari za mama yake zilipojulikana, maana hakuwa amemwambia mtu yeyote.

Datius alimtazama, akaona haya. Alilichukua lile karai akalimimina juu ya lake. "Nenda nyumbani, Klaudia. Mpaka mama apone, fungu lako tutagawana."

"Mwanangu," alisema mwalimu, "ukweli wako haukukupunguzia samadi hata kidogo. Ila kuanzia leo, ukisema umechoka, kila mtu hapa atakuamini."