Maktaba za Bibi Mvua

Foleni ya dirisha la kitengo cha kompyuta cha chuo ilikuwa ndefu siku ile ya kwanza ya muhula. Mtafiti wa mvua, ndani ya gauni la kijani, alipofika mbele alikuwa ameshachoka kuwa na adabu.

"Nipe neno la siri la msimamizi. Nataka kuweka maktaba mbili, vifurushi vya msimbo vinavyotumiwa na programu yangu ya kukokotoa mvua, seva inanikatalia."

"Hilo sikupi hata ukilia," alijibu msimamizi wa seva, kijana mtanashati mwenye sauti ya taratibu. "Ziweke kwenye folda yako mwenyewe. Humo huombi ruhusa ya mtu. Vuta kiti, Bibi Mvua, nikuelekeze."

Kiti kikazaa chai, chai ikazaa simu za kila jioni. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Kitengo kizima kikajua.

Kisha mtafiti akaitwa kwenye usaili wa kazi aliyoiota miaka mitatu, katika mji wa mbali. Angeonyesha hesabu zake kwa video, saa nane mchana. Msimamizi alipoambiwa alinyamaza tu.

Asubuhi ya usaili, programu ikagoma. Maktaba zote hazipo. Akampigia msimamizi.

"Umenifutia ili nisiende."

"Hapana, mpenzi. Seva ilijaa, nikafuta folda kubwa bila kuangalia ni za nani. Ni uzembe wangu. Nakuja kukurudishia."

"Usije."

Alikata simu, akafuta machozi, akaanza upya, amri moja baada ya nyingine, kama alivyofundishwa. Saa sita programu ilikuwa inafanya kazi. Hapo ndipo aibu ilipomshika. Mtu anayetaka kukufunga miguu hakufundishi kufanya mambo bila yeye.

Alipotoka chumba alichofanyia usaili alimkuta msimamizi amesimama ukumbini.

"Wamenichukua palepale," alisema mtafiti. "Na nilikudhania vibaya. Lakini wewe nawe, ungesema neno."

"Neno lenyewe lilikuwa usiende. Nikaona bora nilimeze."

"Na sasa?"

Msimamizi aliinama, akatazama viatu vyake. "Sasa nenda. Ila nikipata kazi huko nikakufuata, utanipokea?"

Mtafiti alimsogelea. Alimpenda, na hakutaka tena kulificha hilo nyuma ya maneno makali.

"Usije na begi tu," alisema. "Pitia kwa mama yangu kwanza, upeleke posa."