Chiriku na Picha za Mto

Asubuhi za likizo nyumbani kwa Chiriku hazikuwa na haraka. Mama alipiga pasi blauzi yake huku chai ikipoa mezani, naye Chiriku akizunguka chumba kizima akitafuta kiatu cha pili na kuzungumza bila kupumua. Jina lake halisi lilikuwa refu na zuri, lakini nani alilikumbuka? Mtoto anayeamka akiongea na kulala akiongea, watamwitaje kama si Chiriku?

"Mama, leo fundi anasafisha kompyuta zote za shule. Anafuta kila kitu, anaweka mfumo mpya. Lakini picha zetu za mto ziko salama. Nimezinakili mimi mwenyewe kwenye flashi!"

"Umehakikisha?" mama aliuliza bila kuinua macho.

"Mama nawe! Mimi ndiye mtunza kumbukumbu wa klabu ya sayansi. Nimezifungua zote palepale shuleni, zikafunguka. Mwalimu aliponiuliza, nikamwambia asiwe na wasiwasi."

Picha hizo hazikuwa za mchezo. Mwaka mzima wanaklabu walikuwa wamepiga picha za mto unaopita nyuma ya soko, mahali pale pale kila mara, kuonyesha jinsi jalala la soko lilivyokuwa likiuchafua. Walikuwa wamealikwa kuzionyesha wiki iliyofuata mbele ya kamati ya maji ya mji, na kamati hiyo ndiyo ingeamua kama jalala lihamishwe. Bila picha, wangebaki na maneno matupu, na maneno matupu kila mtu anayo.

Kwa kuwa nyumbani hapakuwa na mtu wa kubaki naye, Chiriku aliifunga flashi yake shingoni kwa kamba, akafuatana na mama kazini. Mama alikuwa mkuu wa kitengo cha kompyuta katika hospitali ya macho. Siku hiyo alikuwa na kazi nzito: kuchagua mtambo wa kutunzia nakala za akiba za picha za macho ya wagonjwa. Seva, yaani kompyuta kuu inayohifadhi picha hizo, ikiungua au ikiibiwa, nakala hizo ndizo zingewaokoa madaktari. Kampuni mbili zilikuwa zimepewa picha zilezile za majaribio wiki iliyotangulia, na sasa wauzaji wake walikuwa wamekaa wakisubiri, kijana mwenye tai nyekundu na mwanamke wa makamo mwenye miwani.

"Shikamooni," Chiriku aliwasalimu, kisha akakaa pembeni. Mama alikuwa amemwonya mapema: hapa ni masikio tu.

Kijana wa tai alianza. Lo, alikuwa na maneno! Mtambo wao ulikuwa na kasi isiyo na mfano, ulinakili kufumba na kufumbua, taa yake ya kijani haikuzimika hata siku moja. Chiriku alimsikiliza akavutiwa kabisa. Kumbe kuna watu wanaomshinda kuongea!

"Hongera," mama alisema. "Lakini sikukuita unionyeshe kuweka. Kuweka kila mtu anaweka. Nirudishie."

"Hakuna shida, mama. Nizirudishe kwenye seva ileile?"

"Hapana." Mama aliivuta kompyuta moja iliyokuwa kwenye kona. Ilikuwa tupu, haijaunganishwa na chochote. "Rudisha kwenye hii. Ile seva bado ina picha zenyewe. Nikimuuliza mtu namba yake ya simu huku ameishika kadi yenye namba hiyo, nitakuwa nimepima kumbukumbu yake kweli?"

Yule mwanamke mwenye miwani alicheka kidogo. Kijana akaunganisha mtambo wake, akabonyeza huku na kule. Majina ya picha yakajaa kwenye skrini, moja baada ya jingine, yakapendeza. Akabofya la kwanza. Halikufunguka. La pili, hola. Jasho likaanza kumtoka.

"Labda ni kebo, mama."

"Badilisha kebo."

Akabadilisha. Mambo yakawa yaleyale. Mama alisogea, akatazama kwa makini, kisha akasema kwa upole, "Si kebo, kaka yangu. Mtambo wako umenakili majina ya picha na mahali zilipo, lakini picha zenyewe haukuzichukua. Ukiwa karibu na seva zinafunguka, kwa sababu unazisoma kutoka kule kule. Hapa mbali hauna kitu."

Chiriku aliikamata flashi iliyokuwa shingoni. Zinafunguka kwa sababu unazisoma kutoka kule kule! Yeye picha zake alizifungulia wapi? Kwenye kompyuta ileile ya shule alimozinakili. Na sasa alikumbuka kwamba kila alama aliyoinakili kutoka kwenye skrini ilikuwa na mshale mdogo pembeni, mshale ambao hakuujali.

Yule mwanamke alipopata zamu yake, alianza kwa kusema, "Mama, sisi kurudisha kwetu ni polepole. Nakwambia mapema." Kweli, ilichukua muda mpaka chai ikaletwa na kunywewa, lakini picha zilirudi, na kila moja ilifunguka, jicho baada ya jicho. Chiriku hakuona hata moja. Alikuwa ameing'ang'ania flashi yake kama mtu aliyeshika yai.

Wauzaji walipotoka tu, alilipuka. "Mama! Nijaribie flashi yangu kwenye ile kompyuta tupu. Tafadhali!"

"Flashi za nje haziruhusiwi hapa," mama alisema. Kisha akauona uso wa mwanawe. "Haya. Ile haijaunganishwa na kitu, na nitaifuta baadaye."

Alama zikatokea kwenye skrini, zote na mishale yake. Mama akabofya moja. Maandishi yakajitokeza: faili halipatikani.

"Mungu wangu! Na fundi yuko shuleni sasa hivi!" Machozi yalimlengalenga. "Mama, nimwambie mwalimu flashi imeharibika?"

Mama hakufoka. "Ukisema hivyo watakununulia flashi nyingine, utanakili mishale ileile, na kosa litabaki palepale. Si umemsikia kaka wa tai na kebo yake?" Akamnyooshea simu. "Piga wewe."

Chiriku alipiga. Safari hii maneno yalikuwa machache. "Mwalimu, shikamoo. Kosa ni langu. Sikunakili picha, nilinakili njia za mkato tu, alama zinazoelekeza zilipo. Msimamishe fundi, tafadhali."

Kwenye simu ilisikika sauti ya mwalimu ikipaa, "Fundi! Hebu ngoja! Hiyo ya dirishani usiiguse!" "Ameshamaliza safu ya mlangoni," mwalimu alimwambia Chiriku. "Yenu ndiyo alikuwa anakaribia kuianza. Njoo upesi."

Shule haikuwa mbali, naye Chiriku hakutembea, alikimbia. Wanaklabu walikuwepo wakifuta vumbi madawati. Mwenyekiti wao, aliyeitwa Jaji kwa kupenda kuamua ugomvi wa wenzake, alimpokea mlangoni kwa macho makali.

"Si uliapa zote ziko salama?"

"Niliapa bila kupima," Chiriku alisema mbele ya wote. Uso ulimwaka kwa aibu, lakini hakuinamisha kichwa. "Nisameheni. Sasa nipeni nafasi nizichukue picha zenyewe."

Akafungua folda halisi, akanakili, na safari hii ilichukua muda kwelikweli. Kisha akaichomoa flashi na kumkabidhi Jaji.

"Fungua wewe, kwenye kompyuta ile ya mlangoni iliyofutwa. Mimi nikijipima mwenyewe nitajipendelea."

Jaji akaketi. Picha ya kwanza ikajaa kwenye skrini: maji meusi, mifuko ya plastiki, ukingo ulioliwa. Darasa zima likashangilia. Fundi alikuwa amesimama na mkoba wake mkononi, akipiga miayo.

Mwalimu akamgeukia Chiriku. "Mtunza kumbukumbu, fundi aendelee?"

Wote wakamtazama. Ingekuwa asubuhi, angejibu kabla swali halijaisha.

"Bado, Mwalimu. Jaji hajafika mwisho."

Mwalimu akatabasamu, akavuta kiti. "Wanangu, mmesikia jibu hilo? Asiyekosea hayupo, na anayesema ukweli upesi huokoa kilichobaki. Lakini msitosheke na kusema kazi imekwisha. Ijaribuni kwanza, tena pale inapoweza kuwaumbua, ndipo mseme."

Wakasubiri, picha baada ya picha, mpaka ya mwisho ikafunguka. Ndipo Chiriku akamwambia fundi aendelee.