Kadi za Vernon

Haya yalimpata Lorna, jirani yangu hapa Ohio. Mumewe Vernon alipofariki, Lorna alianza kusafiri peke yake, na kila mji aliofika alimwandikia Vernon kadi ya picha, akiituma nyumbani kwao: "Laiti ungekuwa hapa."

Kule Savannah karani wa posta alisoma jina kwenye kadi, akamtania, "Vernon amebaki kulisha paka, mama?"

"Amefariki. Napenda tu nikirudi nikute barua kwenye sanduku."

Alirudi nyumbani Ohio jioni moja, umeme umekatika mtaa mzima. Sanduku la barua nje lilikuwa tupu. Alipofungua mlango alisikia kiti kikivutwa jikoni. Akawasha tochi. Hapakuwa na mtu. Kadi zake zote, za Taos, Galena na Savannah, zilikuwa zimepangwa mezani upande aliokuwa akikaa Vernon, na kahawa katika kikombe kando yake ilikuwa bado ya moto.