Daraja la Koo Mbili

"Mkwe wangu, ukimwacha mwanangu, koo zetu mbili zinatengana. Si maneno yangu, ni ya kompyuta," alisema baba mkwe.

Mshonaji hakuinua macho. Aliendelea kushona pindo la sketi ya shule kwenye cherehani ya mama yake. Tangu wazike mtoto wao aliyezaliwa hana uhai, maneno ya watu yalimfikia kama redio ya jirani. Mumewe, fundi majokofu, alirudi kazini siku ileile ya mazishi, na mtoto hakumtaja tena. Ndipo mshonaji akafungasha nguo zake akarudi kwa mama yake.

"Hebu mwonyeshe," baba mkwe alimwambia mtafiti, dada aliyekuwa akipita nyumba hadi nyumba kuuliza nani kaoa wapi.

Mtafiti akageuza kompyuta. Kila mtu alikuwa nukta, kila ndoa mstari. Nukta zilijazana pande mbili kama nyuki wa mizinga miwili. Katikati ulipita mstari mmoja tu.

"Zamani koo zenu zilioana sana. Siku hizi mmebaki wewe na mumeo tu. Programu hutafuta mstari ambao ukiukata, watu wanagawanyika mafungu mawili. Imeonyesha wenu."

"Umesikia?" mama akadakia. "Ndoa ni kuvumiliana, mwanangu."

"Nimesikia, mama."

"Basi?"

"Basi nimesikia. Ila mimi si ubao wa daraja, baba, watu wapite juu yangu."

Baba mkwe akacheka, kisha akaona anacheka peke yake. Wakaaga.

Jioni simu ikalia. Ujumbe wa mumewe: "Baba kaja huko? Sikumtuma."

Akajibu: "Na wewe hujaja."

Akaiweka simu kando. Moyo wa mtu, Mungu ndiye aujuaye.

Asubuhi fundi alisimama mlangoni, mikono imejaa grisi.

"Umetumwa na ukoo?"

"Ukoo umeninunia. Natoka kwa mtafiti."

"Hata wewe!"

"Nisikilize, mke wangu. Alikuwa ametuandika hatuna mtoto. Baba ndiye aliyemjibu hivyo."

Cherehani ikanyamaza.

"Nikamwambia tunaye. Akasema hesabu yake ya ndoa haimhitaji. Nikakaa palepale mpaka akamweka. Ana nukta yake, chini ya mstari wetu."

"Ukampa jina gani?"

"Lile ulilokuwa ukimwita akiwa tumboni."

"Kumbe ulikuwa unasikia?"

"Kila usiku. Ile siku nilikimbilia majokofu ya watu kwa sababu sikujua mikono niiweke wapi. Nilikuacha peke yako. Nisamehe."

Mshonaji alimtazama. Machozi hayakuja. Yalikuwa hayajaja tangu kaburini.

"Pale pameota majani sasa," alisema polepole. "Nilitaka kwenda kupalilia. Sikuwa na wa kwenda naye."

"Twende."

Akatafuta viatu vyake chini ya meza. Mama akachungulia kutoka jikoni, uso umemng'aa.

"Alhamdulillahi! Mnarudi nyumbani?"

"Bado, mama. Tunakwenda kwa mtoto wetu."