Udongo Kinywani mwa Mwongoza Wageni

Thomasi alikuwa amelala chali langoni mwa magofu ya boma la mtemi, kichwa kimepasuka, kinywa kimeshindiliwa udongo hadi mashavu yakatuna. Jiwe la ukutani, lenye damu na nywele, lilikuwa kando ya sikio lake. Ng'ambo ya miti ya hifadhi, ziwa lilikuwa likipiga mwamba.

Inspekta Felisita, aliyetoka Bariadi alfajiri, alichuchumaa karibu na daktari wa polisi.

"Jiwe ndilo lililomuua?"

"Jiwe lilimwangusha tu. Udongo umefika kooni. Alikuwa bado anavuta pumzi. Na hiki hapa kwenye meno ni kipande cha ngozi. Alimng'ata mtu."

Felisita akautazama udongo ule. Mwizi huua akakimbia. Huyu alikalia kifua cha mtu, akamshindilia udongo kinywani, kiganja baada ya kiganja.

Wageni walioongozwa na Thomasi jana yake walikuwa bado kijijini Kiloleli. Felisita alianza na mmoja wao, mwalimu Specioza.

"Aliwaeleza nini hapa?"

"Kwamba boma hili halikushindwa vitani. Mtu aitwaye Mboje alihongwa ng'ombe, akawafungulia adui lango, watoto wakachinjwa humu ndani. Wenzangu wakatema mate langoni."

"Nani mwingine alisikia?"

"Askari wa hifadhi. Alisimama nyuma yetu."

Askari huyo, Nyanda Mboje, ndiye aliyetoa taarifa ya maiti. Alikuwa amekaa juu ya ukuta, mkono umefungwa kitambaa.

"Mwangaluka, baba," Felisita alimsalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu," akaitikia, akimwita mama.

"Mkono una nini?"

"Panga. Nilikuwa nafyeka njia."

"Fungua."

Nyanda akaruka. Alimpiga kichwa cha pua konstebo mmoja wa Felisita, damu ikatapakaa, makonstebo wakamwangusha kifudifudi na kumkalia. Kitambaa kilipotoka, vidole viwili vilikuwa na alama za meno, nyama inaning'inia.

"Panga haling'ati, Nyanda."

Nyanda akasema, shavu likiwa mavumbini.

"Mboje ni babu wa baba yangu. Alifia lango hili akilizuia. Binti yangu Milembe alikuwa aolewe. Ng'ombe wa mahari walifika kwangu, wakarudishwa. Wakwe waliisikia hadithi ya Thomasi, wakasema hawaoi kwa wasaliti. Jana jioni nikamsihi Thomasi aache. Akacheka. Akasema ametunga mwenyewe, wageni wanapenda msaliti, na jina alilichukua kwangu."

"Alikiri kwamba ni uongo?"

"Alikiri."

"Sasa kwa nini hukumpeleka kwa wakwe akaseme hivyo hivyo?"

Nyanda alimtazama kana kwamba hakusikia vizuri. Kisha macho yake yakaenda kwenye kinywa cha Thomasi kilichojaa udongo, na konstebo akamfunga pingu.