Vatete Plaxedes Atoa Maoni Yake

"Chukua shati lako," alisema Vatete Plaxedes.

Tichaona alikuwa bado amechuchumaa mlangoni, anapiga viganja taratibu kama mkwe anavyosalimia. Viganja vikagoma katikati ya salamu. Shati lake la buluu lilikuwa mezani, limepigwa pasi na kukunjwa vizuri.

Miezi minane shati hilo lilikaa kabatini kwa Vatete, yaani shangazi, pamoja na kitambaa cha kichwa cha Shuvai, binti wa kaka yake. Kijana anatoa chake, binti anatoa chake, shangazi wa binti anavitunza, na hapo watu wanajua hawa wawili wameahidiana. Shangazi akirudisha, basi. Hakuna mjumbe wa kupeleka posa, hakuna baba wa kumsikiliza, hakuna harusi.

"Vatete, nimekosa nini?"

"Unaniuliza mimi? Kawaulize watazamaji wako."

Shuvai alitoka jikoni, mikono imejaa unga.

"Vatete, jamani, hata filamu yenyewe hujaiona."

"Niione ya nini? Alhamisi, kwenye kikao cha akina mama wa kanisa, mke wa mchungaji mzima ananiuliza, 'Plaxedes, chupa ya chai iko wapi leo, au umempasulia jambazi?' Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mtaa wote wa Mkoba unanicheka! Nimempokea huyu, nimemkalisha kwenye kiti changu, kumbe ananisoma aende akaniuze."

Tichaona aliinamisha kichwa. Angebisha nini? Filamu aliandika yeye, akaipiga na rafiki zake mitaani Gweru, akaiweka mtandaoni wiki mbili zilizopita. Vichekesho vya majasusi, ngumi na kukimbizana. Na ndani yake kuna shangazi mmoja mwenye kofia ya kanisani na chupa ya chai ya kijani, ambaye kabla ya kumtandika jambazi humuuliza kwanza, "Na wewe ni wa kwa nani?" Vatete mtupu, kuanzia kofia mpaka viatu.

Aliondoka bila kuligusa shati. Hakuwa amefika hata barabarani, simu ikalia. Ujumbe wa Shuvai.

"Baba ameshasikia. Anasema bila Vatete yeye hana la kusema."

"Niifute filamu?"

"Ukiifuta atajua kweli ulimtukana. Njoo Jumapili baada ya kanisa, uje na kompyuta."

"Akinifukuza?"

"Utakimbia. Si umetengeneza filamu nzima ya kukimbia?"

Alicheka peke yake njiani, lakini kufukuzwa hakukuwa mchezo. Shuvai ndiye aliyekuwa anamtaka, hakuwa na mwingine wa akiba.

Jumapili Vatete alikaa kwenye kiti chake, mikono kifuani, bado amevaa sare ya kanisa.

"Nitaangalia," alisema, "ili nimtukane nikiwa na ushahidi."

Kompyuta ikawekwa juu ya stuli. Tichaona akakaa chini kwenye mkeka, karibu na mlango, kwa usalama wake.

"Huyo ndiye jasusi mkuu?" Vatete aliuliza baada ya dakika tano. "Mbona anakimbia kama amebanwa na haja?"

"Ndiyo vichekesho, Vatete."

"Na hiyo helikopta ni ya karatasi?"

"Imechorwa kwa kompyuta."

"Inaonekana."

Shangazi wa kwenye filamu akatokea. Vatete akasogeza kiti.

"Kofia hiyo si yangu. Yangu ina utepe." Akainamia kioo. "Na hiyo sadza, ugali gani una madonge hivyo! Mimi nilisonga sadza ya madonge lini? Shuvai, sema ukweli, lini?"

"Hujawahi, Vatete."

"Mwambie huyo."

Shuvai alijiuma mdomo asicheke. Tichaona hakucheka hata kidogo, maana alijua kinachofuata. Jasusi amefiwa na mama yake. Amekaa ukutani, hali chakula, hasemi. Shangazi wa mchumba wake anaingia na masufuria yake kichwani, hajaitwa na mtu, anawasha moto, anapikia waombolezaji siku tatu. Kisha anamwekea jasusi sahani mapajani. "Kula," anamwambia. "Kulia kunataka nguvu."

Vatete alifungua mikono iliyokuwa kifuani. Hakukosoa tena, hata shangazi alipompasua jambazi kwa chupa, wala alipojitupa mbele ya jasusi pale stendi ya mabasi, risasi ikampata yeye. Jasusi akaoa, watu wakacheza, majina yakapita mpaka la mwisho.

"Maneno yale niliyasema mimi," Vatete alisema polepole. "Kwenu, kwenye msiba wa mama yako."

"Ndiyo, Vatete. Nilikuwa na siku mbili sijatia kitu mdomoni. Ukaja na masufuria yako kwa watu usiowajua, na mimi ulikuwa hata hujanikubali. Nilitaka kukushukuru, nikashindwa. Nitaanzaje kulia mbele ya Vatete wa mchumba wangu? Nikaenda nikaandika."

Vatete alijifuta macho kwa ncha ya shali.

"Na watu wakacheka."

"Walicheka, ndiyo," Shuvai alisema, akachukua simu yake. "Sasa sikiliza wanasema nini. 'Filamu ya ovyo, mapigano ya kitoto, ila huyu shangazi nimemlilia mpaka mume wangu akaja kuuliza nani amekufa.' Huyo yuko Bulawayo. Mwingine, 'Jasusi akapumzike, kazi yote mpeni shangazi.' Huyu, 'Mwandishi una roho mbaya, kwa nini umemuua?' Hayo yamependwa na watu elfu tatu. Na huyu, 'Nimempigia shangazi yangu Masvingo, tulikuwa hatujasemezana miaka minne.'"

"Rudia hilo la mwisho."

Shuvai akarudia. Vatete akamgeukia Tichaona.

"Watu elfu tatu wanauliza, na mimi nauliza. Kwa nini umeniua?"

"Vatete, hadithi ilihitaji majonzi kidogo."

"Majonzi! Wewe si umeishia na harusi? Shangazi wa binti umemzika stendi. Mkwe kapokewa na nani? Ahadi yao kaishika nani? Baba wa binti kaambiwa na nani?"

Tichaona alikuwa ameisahihisha hadithi ile mara tisa, na hilo halikumpitia akilini.

"Hakuna," alikiri.

"Hakuna. Basi hiyo si ndoa, hao wanakaa tu pamoja."

"Kweli, Vatete. Na mimi sitaki kukaa tu na Shuvai. Nataka kumuoa. Bila wewe sina pa kupitia."

Vatete akanyoosha mkono kwa Shuvai, akapokea simu, akampigia kaka yake.

"Kaka, usinikatize. Yule kijana wa filamu atatuma mjumbe Jumamosi. Ndiyo, huyo huyo. Ndiyo, amefanya nchi nzima inicheke. Hapana, hasira haijaisha, nitakaa nayo mpaka nichoke." Shuvai alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili, machozi yanamtoka huku anacheka. "Lakini mama yake hayupo, Kaka. Nikimfukuza na mimi, atakula kwa nani?"