Pepo Asiyekuwepo

Asubuhi ile seremala hakumaliza chai yake. Taya lilikataa kufunguka.

"Labda nimelalia shingo vibaya," alisema, meno yamefungana.

Mkewe, fundi cherehani, aliacha kushona akamtazama. Uso wa mumewe ulikuwa kama unacheka, lakini hakuwa anacheka.

Siku nane nyuma alikuwa amekanyaga msumari karakana. Alifunga kitambaa tu, akaendelea na kazi.

Mchana mgongo ulianza kukaza. Mlango ulipojibamiza, mwili wote ulikakamaa. Aliyeingia alikuwa wifi yake, dada wa seremala.

"Hii ni pepopunda, wifi," alisema. "Jina lenyewe linasema. Hospitali hawatoi pepo. Tutafute wa kumtoa."

Mke hakujua kama amsikilize. Alikimbia kwa jirani yao, muuguzi. Muuguzi alikuja hivyo hivyo, mikono ina povu la sabuni. Alitazama taya, kisha kidonda mguuni.

"Ita teksi sasa hivi," alimwambia mke. "Ni pepopunda kweli."

"Si nilisema ni pepo?" wifi alidakia.

"Pepo ni jina tu, mama. Watu wa zamani walimwona mtu anakakamaa, wasione kinachomkakamaza. Wakadhani pepo. Habari ya punda siijui vizuri, nisikudanganye. Ila ugonjwa tunaujua. Ni vijidudu vya kwenye udongo na samadi. Vimeingia kwa tundu la msumari. Sumu yake inakaza misuli."

"Na tukichelewa?" mke aliuliza.

"Itashika kifua. Atashindwa kupumua."

Wifi ndiye aliyekimbia kuita teksi. Ndani ya gari alimshika kaka yake kichwa, akimsihi dereva asipige honi.

Hospitali walisafisha kidonda, wakamchoma sindano, wakamlaza chumba kimya. Wiki tatu mke alikaa kwenye benchi la nje. Kila mlango ulipofunguliwa, alisimama.

Siku moja aliitwa ndani. Seremala alikuwa anapiga mwayo, kinywa wazi mpaka magego yanaonekana. Mke alikaa sakafuni akalia.

"Kuugua hakukupi kinga," daktari alimwambia seremala. "Utachanjwa, na usikose dozi zinazofuata. Ukichomwa tena na msumari, osha kidonda kwa maji na sabuni, uje siku hiyo hiyo."

Wiki iliyofuata mafundi wa karakana walipanga foleni kliniki. Mbele yao alisimama wifi, mkono wa gauni ameshaukunja.

"Umefuata chanjo ya nini, mama?" mhudumu aliuliza.

"Ya pepopunda," alijibu. "Ile ya vijidudu."